SHIBE NA RADHI: UHAKIKI WA MANENO YA KUTOSHEKA KATIKA BIBLIA YA KISWAHILI NA KATIKA MAHUBIRI YETU

Utangulizi

Miongoni mwa mada zinazopendwa mimbarani katika nyanda za kati za nchi yetu ni ile ya kuridhika. Mavuno yanapokuwa mabaya, mhubiri hufungua Waraka kwa Wafilipi sura ya 4, au Waraka wa Kwanza kwa Timotheo sura ya 6, akawafundisha washarika kwamba Mkristo wa kweli huridhika na alicho nacho. Fundisho hilo ni la Maandiko, wala hatukusudii kulipinga. Tunalokusudia kulihakiki katika makala hii ni neno lenyewe na jinsi linavyotumika.

Kiswahili kina maneno manne makubwa ya kueleza hali ya mtu aliyepata haja yake: kushiba, kutosheka, kuridhika na kukinai. Kila moja lina asili yake, na kila moja lina mahali pake. Hata hivyo, katika mahubiri mengi neno kuridhika limeyameza mengine matatu, hata msikilizaji hawezi tena kujua kama anaambiwa habari za tumbo lake, za kipimo cha mali yake, au za uhusiano wake na Mungu. Tunadai kwamba mchanganyiko huo si upungufu wa lugha tu. Ni upungufu wa teolojia, na anayeumizwa nao ni mwenye njaa.

Swali hili lafaa kuulizwa Dodoma kuliko mahali pengi. Kwanza, hii ni nchi kame: kwa kawaida mvua hunyesha kati ya Desemba na Aprili, na jumla yake kwa mwaka haizidi sana milimita 600. Pili, katika nyanda hizi hukutana jamii nne za lugha: Kibantu cha Wagogo, Warangi, Wanyaturu na Wanyiramba, Kikushi cha Waburunge na Wairaqw, Kiniloti cha Wabarabaig na Wamaasai, na Kisandawe, ambacho kina sauti zake za kidoko. Hawa wote husikia Injili kwa Kiswahili, na wengi wao walikipata baada ya lugha ya mama. Neno moja la mimbarani hupita katika masikio ya namna nyingi. Hapana budi, basi, anayelitamka ajue limetoka wapi.

1. Kushiba: neno la tumbo

Lugha nyingi za Kibantu zina shina kongwe la kueleza kushiba, ambalo sauti zake husikika hata leo katika Kiganda kukkuta, katika Kibemba ukwikuta na katika Kichewa kukhuta. Kiswahili sanifu hakitumii shina hilo kwa maana hiyo. Mahali pake limekaa neno shiba, ambalo ni la Kiarabu, shabi'a. Ni ajabu kidogo kwamba neno la jambo la nyumbani kama hili liwe la kukopa, lakini ndivyo ilivyo.

Wako waliohuzunishwa na mikopo ya namna hii. Karl Roehl, mmisionari Mlutheri kutoka Ujerumani, ambaye tafsiri yake ya Biblia nzima ilitoka mwaka 1937, alishika kanuni ya kupunguza maneno ya Kiarabu na kupendelea yale ya Kibantu, ili Biblia isikike kuwa ya watu wa bara. Nia yake ilikuwa njema, na jitihada zake zastahili heshima katika kanisa letu. Lakini tukiitazama kanuni yenyewe kwa mizani ya neno shiba, tunaona udhaifu wake. Kiarabu na Kiebrania ni ndugu. Herufi ya Kiebrania inayotamkwa s katika maneno kadhaa hulingana na sh ya Kiarabu: kumi kwa Kiebrania ni eser, kwa Kiarabu ni ashara. Kwa ulinganifu uo huo, saba' ya Kiebrania, ambalo ndilo neno la Zaburi na la Kumbukumbu la Torati kwa kushiba, ni ndugu halisi wa shabi'a. Hivyo bibi wa Bahi au wa Kongwa asemapo kwamba wajukuu wameshiba, anatamka shina lile lile alilolitamka mtunga Zaburi. Anayeliondoa neno hilo kwa sababu ni la kigeni anakata mshipa uliotuunganisha na Agano la Kale.

Mathias Mnyampala hakuwa na hofu hiyo. Alizaliwa Ugogo mwaka 1917, akafariki mwaka 1969. Yeye ndiye aliyeandika historia, mila na desturi za Wagogo, na ndiye pia aliyetunga Utenzi wa Enjili Takatifu na Utenzi wa Zaburi. Alikuwa mwana wa Cigogo, lakini alipotaka kuziimba Zaburi alitumia utenzi wa Pwani. Hakuona kwamba kwa kufanya hivyo amewaacha watu wake.

Agano Jipya lina neno lake la kushiba, nalo ni la malishoni. Kigiriki husema chortazo, kutokana na chortos, yaani majani. Hapo mwanzo lilihusu kulisha mifugo mpaka itosheke, ndipo likahamia kwa watu. Marko anayaweka maneno yote mawili katika habari moja, sura ya 6: katika mstari wa 39 makutano wanaketishwa penye majani mabichi, na katika mstari wa 42 wote wanakula na kushiba. Mfugaji wa nyanda za kati hahitaji kufafanuliwa sana jambo hili. Yeye anajua tofauti ya ng'ombe arudiye zizini Februari na yule arudiye Oktoba. Neno hilo hilo ndilo alilolitumia Bwana katika Mathayo 5:6 kwa wenye njaa na kiu ya haki. Hakuchagua neno la kiroho lililoinuliwa juu ya mwili. Alichagua neno la malisho.

2. Kutosheka na kuridhika: kipimo na uhusiano

Neno tosha halitoki Kiarabu, na maana yake ni ya kipimo. Nguo yatosha, unga watosha, nafasi yatosha. Panapokuwa na kutosha pana kitu kinachopimwa na haja inayopimiwa.

Radhi ni jambo lingine kabisa. Asili yake ni Kiarabu, radhiya na ridha, na maana yake ni kukubali, kupendezwa, kuwa na moyo mwema juu ya mtu. Kiswahili kimeitunza maana hiyo vizuri. Tunaomba radhi kwa tuliyemkosea. Watoto hutafuta radhi za wazazi kabla ya safari na kabla ya ndoa. Jirani zetu Waislamu wanapowataja maswahaba huwaombea radhi ya Mungu. Katika matumizi yote hayo radhi hutoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine. Debe la mtama laweza kumtosha mtu, lakini haliwezi kumpa radhi.

Neno hili nalo lina ndugu katika Kiebrania. Sauti ambayo Kiarabu huitamka kwa dhadi, Kiebrania huitamka kwa tsade: ardhi kwa Kiebrania ni erets, na kwa njia iyo hiyo radhi ni ratson, yaani kibali, upendeleo, mapenzi mema ya Mungu. Mwaka wa Bwana uliokubaliwa, anaoutangaza nabii katika Isaya 61:2, ni mwaka wa ratson; kwa shina lake, ni mwaka wa radhi.

Sasa tuitazame tafsiri ya Muungano ya mwaka 1952, ambayo bado ndiyo inayosomwa zaidi katika sharika zetu. Kigiriki kina kitenzi arkeo, kutosha, na shina lake limo katika neno autarkeia walilolitumia Wastoiki, yaani hali ya mtu kujitosha mwenyewe bila kuhitaji mwingine. Watafsiri wetu hawakuligeuza shina hilo kwa neno moja kila mahali. Katika Luka 3:14, Yohana anaposema na askari juu ya mshahara, wametumia kutoshewa. Katika 2 Wakorintho 12:9, juu ya neema, wametumia kutosha. Bali katika Wafilipi 4:11 na Waebrania 13:5 wametumia radhi, na katika 1 Timotheo 6:6 na 6:8 wametumia kuridhika.

Mtu aweza kudhani huu ni uzembe. Sisi twaona ni uhakiki wa hali ya juu uliofanywa kimya kimya. Mshahara hupimwa, kwa hiyo kutoshewa. Lakini Paulo kifungoni si Mstoiki anayejitosha. Mistari miwili tu baadaye anataja yule amtiaye nguvu. Vivyo hivyo Waebrania 13:5 inatoa sababu ya kuwa radhi, nayo ni ahadi ya Mungu ya kutomwacha mtu wake. Kwa kuchagua radhi, watafsiri wameling'oa neno katika udongo wa falsafa na kulipanda katika udongo wa uhusiano. Katika hili Kiswahili kimesema zaidi ya Kigiriki, na kimesema kweli.

3. Kukinai: shibe iliyopita mpaka

Neno la nne lina historia ya kusikitisha. Kwa Kiarabu qana'a ni fadhila: kutosheka na kidogo bila tamaa. Kiswahili kimelipokea kwa maana hiyo, lakini polepole likaelemea upande mwingine, hata mtu aliyekinai leo ni yule aliyechoshwa na kitu, asiyetaka tena kukiona. Kutoka utulivu wa moyo tumefika kwenye kichefuchefu.

Jambo hili halikutokea kwetu tu. Kiingereza kina neno sad, huzuni, ambalo zamani lilikuwa na maana ya kushiba. Kutoka kushiba likawa kulemewa, na kutoka kulemewa likawa kuhuzunika. Kijerumani husema satt kwa aliyeshiba, na kwa neno hilo hilo mtu husema amechoshwa na jambo. Lugha tatu ambazo hazikushauriana zimetoa ushuhuda mmoja: shibe isiyo na mpaka haizai radhi. Torati nayo yashuhudia. Kumbukumbu la Torati 8:10 inapanga kula, kushiba na kumhimidi Bwana. Lakini mstari wa 12 hadi 14 unaonya kwamba mtu huyo huyo aliyeshiba aweza kumsahau Mungu. Wahenga wetu walisema kwamba mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Anayeanza kwa kumsahau jirani, mwisho wake si mbali na kumsahau Mungu.

4. Satisfactio: neno lililoanzisha mgogoro

Kwa Waluteri suala hili si la pembeni. Kilatini huunganisha satis, ya kutosha, na facere, kufanya, kupata satisfactio: kufanya ya kutosha. Katika sheria ya Warumi lilihusu kumpa mdai kiasi cha kumtosha. Kanisa la Magharibi likalichukua kuwa sehemu ya tatu ya kitubio, baada ya majuto na maungamo. Wakatoliki wa Kiswahili huiita malipizi. Anselm wa Canterbury, katika kitabu alichokimaliza mwaka 1098, akalitumia kueleza kwa nini Mungu alifanyika mtu. Kisha, mwaka 1517, hoja ya pili kati ya zile 95 za Martin Luther ilikana kwamba toba aliyoiagiza Kristo ni ile ya maungamo na malipizi yanayosimamiwa na mapadri. Matengenezo ya Kanisa yalianza, kwa sehemu kubwa, kwa kuuliza ni nani awezaye kufanya ya kutosha. Ungamo la Augsburg la mwaka 1530, katika kifungu cha 4, likajibu: ni Kristo, kwa kifo chake.

Kwa Kijerumani jambo hili ni Genugtuung, neno lililoundwa kwa kufuata Kilatini hatua kwa hatua: kutosha na kutenda. Kipimo kimebaki ndani yake. Lakini katika Kiswahili cha mimbarani tunasikia mara nyingi kwamba Kristo alimridhisha Mungu. Hapa twaona hatari. Kumridhisha mtu, katika maisha ya kila siku, ni kumpoza mwenye kinyongo. Na katika baadhi ya ofisi ni kumpa mkubwa kitu ili afanye alichopaswa kukifanya bure. Msikilizaji anaweza kuondoka akiamini kwamba Baba alinuna na Mwana akamtuliza kwa zawadi.

Hatusemi neno hilo lifutwe. Ungamo lenyewe, katika kifungu cha 3, halisiti kusema kwamba Kristo alimpatanisha Baba nasi. Lakini Paulo, katika 2 Wakorintho 5:19, anamweka Mungu mwenyewe kuwa mpatanishi ndani ya Kristo. Radhi ya Mungu si matokeo ya msalaba. Ndiyo chanzo chake. Kwa hiyo tunapendekeza kwamba pale fundisho linapohusu kazi ya Kristo, neno la kwanza liwe kutosha: alichokifanya kinatosha, wala hakiongezwi na malipizi yetu. Kisha radhi ifuate, nayo ihubiriwe kuwa zawadi ya Baba aliyemtuma.

5. Zaburi 145 na sala ya mezani

Yako maneno mawili ya Kiebrania tuliyoyafuata tangu mwanzo, saba' na ratson, shibe na radhi. Yote mawili yamo katika Zaburi 145:16, mstari usemao juu ya Mungu afumbuaye mkono wake. Tafsiri ya Muungano imeliweka shibe mahali pake, lakini ratson imekuwa matakwa: kila kilicho hai hushibishwa kile kinachokitaka. Kisarufi hilo linawezekana, na watafsiri wengi wa dunia wamefanya hivyo. Kilatini cha kale kilichukua njia nyingine, kikaandika baraka. Luther naye akaandika Wohlgefallen, yaani kupendezwa, moyo mkunjufu.

Mwaka 1529 Luther aliuweka mstari huo katika Katekisimo Ndogo uwe sala ya kabla ya chakula, na akauongezea maelezo mafupi. Kwa muhtasari asema hivi: neno hilo lamaanisha kwamba viumbe vyote hupata chakula kingi kiasi cha kuvifanya vifurahi, na vinavyozuia furaha hiyo ni mahangaiko na uchoyo. Tuutafakari mpangilio wake. Mkono unafumbuliwa kwanza. Tumbo linashiba. Ndipo radhi inakuja, nayo inakuja kama tunda la shibe, si kama kitu cha kushika nafasi yake. Tena wanaoizuia radhi hawatajwi kuwa maskini wenye manung'uniko. Anayetajwa ni mchoyo.

Laiti watafsiri wetu wangaliandika radhi katika mstari huu, Kiswahili kingalikuwa na shina zote mbili za Kiebrania katika sentensi moja, kwa sauti zinazokaribiana na zile za asili. Ni lugha chache za ulimwengu wa Kikristo zenye nafasi hiyo. Tunaliweka pendekezo hili mbele ya watakaoirekebisha Biblia siku za usoni.

6. Kuhubiri katika nchi kame

Sasa turudi mimbarani. Ugogo inaikumbuka njaa ya Mtunya ya miaka 1917 hadi 1920, ambayo inakadiriwa kuwaua watu wapatao 30,000. Haikuletwa na ukame peke yake. Majeshi ya Wajerumani, na baadaye ya Waingereza, yalikuwa yamechukua nafaka, ng'ombe na wanaume wa kubeba mizigo ya vita. Kuwaambia watu wa namna hiyo waridhike kungalikuwa kuwafunga kinywa kwa Neno la Mungu, ili wasiulize nani aliyeichukua nafaka.

Yakobo aliliona hilo. Katika sura ya 2, mstari wa 15 na 16, anamtaja mtu amwambiaye ndugu aliye uchi na mwenye njaa aende kwa amani, akaote moto na kushiba, bila kumpa kitu. Kigiriki chake ni chortazo, neno la malisho. Yakobo halaumu neno kushiba. Analaumu kulitamka kwa mkono uliofumbwa. Ikiwa kumwambia mwenye njaa ashibe bila kumpa chakula ni imani iliyokufa, tuseme nini juu ya kumwambia aridhike?

Aidha, tukiisoma 1 Timotheo 6:8 kwa makini, tunakuta kwamba kuridhika kuna sakafu: chakula na nguo. Mtume hasemi habari za kuridhika chini ya hapo. Na katika Wafilipi 4 anasema kwa nafsi ya kwanza. Yeye amejifunza, yeye ameonja kushiba na kuona njaa, yeye yu radhi. Ni ushuhuda wa mfungwa juu ya nafsi yake. Anayeugeuza kuwa amri ya aliyeshiba kwa mwenye njaa amebadili nafsi ya kitenzi, na pamoja nayo amebadili Injili.

Upande wa pili nao usisahauliwe. Tangu serikali ilipoanza kuhamia Dodoma kwa kasi mwaka 2016, mji umekua, na pamoja nao tamaa ya viwanja, magari na nyumba. Wapo sasa katika sharika zetu watu ambao sakafu ya Timotheo wameipita zamani. Hao ndio walioandikiwa mahubiri ya kuridhika, na kwao mhubiri asione haya. Lakini mara nyingi tunayahubiri mahali pasipostahili: tunamhubiria mkulima kuridhika, na mwenye viwanja kumi tunamhubiria baraka.

Hitimisho

Tumeona kwamba kushiba ni neno la tumbo, kutosha ni la kipimo, radhi ni la uhusiano, na kukinai ni onyo. Kutokana na hayo tunawawekea wachungaji, wainjilisti na wanafunzi wa teolojia mambo matatu.

Kwanza, kabla ya kuhubiri juu ya kuridhika, mhubiri aulize ni neno gani liko katika mstari wake, na ni nani aliyeketi mbele yake. Pili, wanafunzi watokao katika lugha za nyanda za kati wakusanye kwa wazee wao maneno ya kushiba, ya kutosha na ya kukubaliana, kwa Cigogo, Kirangi, Kinyaturu, Kiburunge na Kisandawe, wayalinganishe na yale ya Biblia. Kazi hiyo haiwezi kufanywa vizuri na mgeni, wala haiwezi kungoja sana. Tatu, sadaka ya mavuno isitenganishwe na mahubiri ya kuridhika. Siku neno hilo linapohubiriwa, ghala la usharika na lifunguliwe, hata kama kilichomo ni magunia mawili ya uwele.

Mtunga Zaburi aliuanza mstari wake kwa mkono wa Mungu uliofumbuliwa. Kanisa linaloimba Zaburi hiyo kabla ya kula halina ruhusa ya kuanzia mahali pengine.